Vikorombwezo vya Kantibhai

Siku Jokha binti Shaame alipostaafu udereva wa basi, wenzake wa gereji hawakumpa saa ya ukutani wala seti ya vikombe, kama ilivyokuwa ada yao. Walichanga, wakamlipia alasiri moja kwenye uwanja wa shabaha nje ya London, kule ambako watu hupiga kwa bunduki visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na mtambo. Ulikuwa utani. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja walimsikia, kila alipokatiwa njia na lori, akisema laiti angekuwa na bunduki ya baba yake. Wakaona basi wampe, aitoe hamu.

Wakangoja acheke. Jokha hakucheka. Aliwashukuru kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, akaenda zake kukaa kwenye basi tupu lililokuwa limeegeshwa uani, na hawakujua wamemgusa wapi.

Wao walidhani ile bunduki ya baba ni maneno ya hasira tu. Kumbe ilikuwako kweli. Mzee Shaame alikuwa msasi wa Idara ya Kilimo huko Konde, kaskazini ya Pemba. Kazi yake ilikuwa kulinda mashamba ya watu: nguruwe mwitu waliofukua mihogo, tumbili waliomaliza mahindi, kunguru walioiba mbata juani. Idara ilimpa bunduki ya marisau, zile chembe nyingi za risasi, yenye mitutu miwili, na kwa kuwa watoto wake wa kiume walikuwa bado wananyonya na kutambaa, aliyemfuata nyuma na kikapu cha ukindu alikuwa Jokha. Aliokota maganda ya risasi. Enzi hizo yalikuwa ya karatasi ngumu yenye kitako cha shaba. Aliyavaa vidoleni yakawa kucha za jini, akayapuliza yakalia kama filimbi, na harufu ya baruti ikamganda mikononi hata mama yake akawa anamrudisha mtungini anawe tena kabla ya kugusa chakula.

Siku nyingine, wakishakuwa mbali na macho ya watu, baba alimwekea bunduki begani. "Usiitazame bunduki," alikuwa akimwambia. "Bunduki haina pa kwenda, iko begani mwako. Mtazame mnyama."

Yakaja Mapinduzi, Jokha akiwa msichana wa miaka kumi na minne. Ikatoka amri bunduki zote zirudishwe. Mzee Shaame aliisafisha yake kutwa nzima, akaipaka mafuta, akaifunga katika gunia jipya, akaipeleka kituoni kwa miguu. Mkewe alimuuliza kwa nini anajisumbua na kitu anachokwenda kukitoa. "Cha watu hurudishwa kisafi," akajibu. Tangu hapo alilinda mashamba kwa kupiga debe. Nguruwe wakamzoea. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo, na Jokha akaolewa na Himid, karani wa bandarini, wakapitia Mombasa hata wakaishia Uingereza. Himid naye alitangulia mbele ya haki, akamwachia binti mmoja aliyezaliwa hukohuko London, Raya jina lake, na fleti juu ya duka la mboga huko Kingsbury.

Basi ile alasiri ya zawadi ilipofika, Jokha alifunga ushungi wake kwa nguvu ili viziba masikio vipate pa kushika, akasimama kwenye nyasi zilizolowa miongoni mwa Waingereza wenye vizibao. Mwalimu wa pale, kijana mpole, alimpa bunduki ya kuazima na maelezo marefu. Sahani ya kwanza ikapita salama. Ya pili ikapita. Ya tatu Jokha aliacha kuyafikiria maelezo, akaitazama sahani yenyewe, ule ukingo wake wa rangi ya chungwa ukizunguka angani, na mara pale ilipokuwapo pakawa na kivumbi cheusi kinachopeperuka.

Harufu ikamjia puani. Akasimama pale na bunduki iliyofunguliwa mkononi, machozi yakimtoka, na mwalimu akamuuliza kama bega linamuuma. Akasema ndiyo, linamuuma. Wala hakusema uongo. Bega lile lilikuwa limechoka na usukani, na bunduki ya kuazima ilipiga teke kama punda. Siku ya pili yake lilikuwa jeusi kama bilingani.

*

Mtu wa kwanza kuhadithiwa habari hizi alikuwa Kantibhai.

Walijuana kwenye basi. Zamani kidogo, asubuhi moja ya mvua, Jokha alikuwa akiendesha kupita Kingsbury Road, teksi ikamchomokea mbele, naye akasema kwa sauti, "Hiki nacho kimeota wapi?" Pale penye mlango alikuwa amesimama mzee mmoja wa Kihindi mwenye mwavuli. Mzee akaangua kicheko. "Kimeota Pemba," akasema, "maana maneno hayo ni ya kwetu." Alikuwa Kanti wa Chake Chake, Kantibhai kwa heshima ya Kihindi, mwana wa Mzee Chaman mwenye duka. Tangu siku hiyo kila alipopanda alisimama palepale mbele, watu wakapita pembeni yake, mpaka ikagundulika kwamba Mzee Chaman ndiye aliyekuwa na kibali cha kuuza risasi, na kwamba miongoni mwa wateja wake alikuwapo msasi mmoja wa Konde, mrefu, asiyesema sana.

"Risasi zenu zilikuwa zikinuka karafuu," Jokha alimwambia.

"Zisinukeje? Kabati la risasi lilisimama kati ya magunia. Baba hakula hata yai maisha yake yote, Bi Jokha, lakini risasi akizipanga kama peremende."

Kantibhai mwenyewe hakula nyama, wala hakuwahi kuua hata nzi kwa makusudi. Lakini tangu alipouza kibanda chake cha magazeti alikuwa akienda kupiga visahani vya udongo kila Jumamosi. Sahani haina roho, alisema. Na bunduki yake ilikuwa mashuhuri uwanja mzima. Ilikuwa ya kujipakia yenyewe: unapiga moja, inatema ganda, inajilisha nyingine. Hilo ndilo lililokuwa la maana, lakini nani aliliona? Mdomoni ilivaa choki ndefu ya rangi ya dhahabu, lile bomba linalobana marisau yasitawanyike upesi. Mkono wa kukokea, ule unaovutwa kuingiza risasi, ulikuwa wa kijani. Kifuniko cha chini ya mtutu kilikuwa chekundu. Juu ya ncha palikaa shanga ya kulengea iliyowaka kama kaa la moto. Mfuko wake ulikuwa wa ngozi, na jina lake limeshonwa kwa uzi wa manjano. Kailash, mkewe, alisema hata yeye siku ya harusi hakupambwa hivyo.

"Hivyo ni vikorombwezo tu," Jokha alimtania.

"Vikorombwezo ndivyo vinavyopiga," akajibu. "Mimi nabeba tu."

Basi alipohadithiwa habari za lile bega, Kantibhai hakumwambia aache. Alimwambia, "Hukuumizwa na mchezo. Umeumizwa na bunduki. Unataka ya kujipakia. Ile inatumia moshi wake wenyewe kujikokea, na teke linapungua nusu. Kachukue leseni."

Raya hakupendezwa. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na Kiswahili alikielewa chote ila alijibu kwa Kiingereza. "Mum, are you serious?" akasema, asiamini kama mama yake hatanii, kijiko kikiwa hewani. Alitaka kujua watu wa msikitini watasema nini, majirani watasema nini, na mwanamke wa miaka sitini mwenye ushungi atasimamaje mbele ya polisi kuomba bunduki.

"Nitasimama kwa miguu yangu," Jokha akasema. "Babu yako alikuwa nayo kabla hawa hawajanijua."

"Babu alikuwa akiwinda nguruwe. Sisi hapa tuna nguruwe gani?" Raya akasema kwa Kiingereza chake.

Jokha aliomba leseni hata hivyo, na afisa wa polisi akaja nyumbani, mama mmoja mnene mwenye haraka, akalikagua kabati la chuma lililofungwa ukutani nyuma ya nguo za Idi, akanywa chai ya tangawizi, akauliza sababu. Jokha akasema anapenda kuona sahani ikivunjika. Afisa akasema hiyo ni sababu nzuri kuliko nyingi alizopewa.

*

Leseni ilipotoka walikwenda duka la bunduki, siku ya Jumatano, ng'ambo ya Watford, katika gari la Kantibhai. Jokha ndiye aliyeendesha. Siku hizo Kantibhai alikuwa akimwachia usukani kila safari, akisema si adabu mtu wa kawaida kuendesha wakati dereva wa kazi yumo ndani.

Mwenye duka alikuwa Mwingereza mwenye masharubu meupe na mikono safi sana. Hakuharakisha. Alimweka Jokha mbele ya kioo, akamwambia afumbe macho, ainue bunduki mpaka shavuni, kisha afumbue. Ya kwanza ilikuwa ndefu, kitako kikakwama kwapani. Ya pili ilikuwa nyepesi, na Jokha akaipenda, ila mwenye duka akatikisa kichwa: nyepesi hupendeza mkononi, lakini mateke yake yote hukufikia. Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya kutumia moshi, nzito kiasi, ya mtutu wa wastani. Yule bwana alifungua kitako, akatia vipande vyembamba vya plastiki ili kishuke na kupinda kidogo, akakifupisha, kisha akamalizia kwa pedi laini ya mpira. Jokha akafumba macho, akainua, akafumbua. Jicho lake kwenye kioo lilikaa sawasawa juu ya mtutu.

"Hii," akasema kwa Kiswahili.

"Anasema hii," Kantibhai akamfasiria mwenye duka, kana kwamba haikueleweka.

Yule bwana akamweleza sheria za aina ile: risasi mbili tumboni na moja chumbani mwa mtutu, si zaidi, na kila akimaliza zamu yake achomeke kibendera chekundu chumbani mwa bunduki, ili watu waone kuwa haina kitu. Kwa kuwa bunduki ya kujipakia haifunguki kiunoni kama zile za mitutu miwili, watu huiogopa mpaka waone bendera. Jokha alikipenda kile kibendera. Alikuwa mtu wa ishara, taa na breki, na aliona haya watu wamuogope.

Hapo ndipo Kantibhai alipolifikia kabati la kioo.

Lilikuwa refu, na taa zikiwaka ndani, na humo mlikuwa na choki za bluu, za zambarau, za fedha. Mikono ya kukokea yenye vichwa vikubwa. Vifuniko vyenye uzito wa kutuliza mtutu. Mikanda, mikeka ya kukanyagia, vidaka maganda, kila takataka ya kung'ara. Kantibhai aliinama mpaka pua yake ikagusa kioo. Alikuwa akivitazama kwa karibu mno, akivitaja kimoja kimoja, na sauti yake ikawa ya mtoto.

"Tazama, tazama. Hili ni kabati la baba yangu hasa! Nilikuwa nikisimama hivihivi. Ufunguo ulikuwa kiunoni kwake, kwenye kikoi. Akinipiga kofi kwa kuchafua kioo."

Jokha akasogea akasimama karibu yake. Akaliona kabati la Chake Chake pia, ingawa aliliona mara mbili tatu tu, alipofuatana na baba yake kwa gari ya shamba. Baba akihesabiwa risasi na yeye akipewa kashata na Mhindi mwembamba mwenye miwani. Wakakaa hivyo wawili, wazee, wakitazama ndani ya kioo, na mwenye duka akaenda kujishughulisha na mambo yake.

Jokha alichukua mkono wa kukokea wenye kichwa kikubwa, kwa sababu vidole vyake vilianza kuwa vigumu asubuhi, na yule bwana akakubali kuwa huo ni wa faida. Alichukua mfuko wa turubai wenye kufuli. Choki za rangi alizikataa. Zilizokuja na bunduki zilimtosha. Kantibhai alinuna kidogo, akanunua mkeka wake mwenyewe, na walipofika garini akatoa kijiboksi mfukoni.

"Hii yangu mimi kwako," akasema. "Usiikatae."

Ilikuwa shanga ya kulengea, nyekundu, ya kuwaka, ndugu ya ile yake.

*

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya aibu. Jokha alikuwa amenunua risasi hafifu kuliko zote kwa kulihurumia bega, na bunduki mpya haikuzipenda. Ilipiga moja ikakataa kujilisha, ganda likabana kama mfupa kooni. Mwalimu akamletea zenye nguvu kidogo, ikaenda vizuri, na bega, alhamdulillahi, likatulia. Lakini sahani hazikuvunjika. Zilipita kushoto, zikapita kulia, zikatua majanini nzima nzima.

"Iweke taa juu ya sahani!" Kantibhai alikuwa akimwambia kutoka nyuma. "Iweke taa!"

Jokha akaiweka taa, ile shanga ya zawadi aliyoifunga nchani mwa mtutu. Aliitazama ile nukta nyekundu mpaka ikabaki machoni alipofumba. Yeye aliyeipiga ya tatu kwa bunduki ya kuazima, sasa alirudi nyumbani bila kupiga hata moja, na maganda yake matupu mkobani, kwani alikuwa ameyaokota yote, kwa mazoea. Jumamosi iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Alipofika nyumbani alikaa jikoni, bunduki ikiwa imefunguliwa vipande juu ya taulo, na ndipo alipojishika akiitazama ile shanga hata pale, kati ya masufuria. Ilikuwa kama mtoto mjeuri, lazima umtazame.

Akaizungusha kwa koleo ndogo, ikatoka. Akairudishia ile ya shaba iliyokuja na bunduki, nukta isiyo na habari na mtu.

Jumamosi ya tatu alivunja sahani nyingi kuliko alizozikosa. Watu wa uwanjani wakampigia makofi. Kantibhai alimpongeza, akaja kuishika bunduki, akapitisha kidole juu ya mtutu mpaka kwenye ncha.

"Taa iko wapi?"

"Nimeivua, Kantibhai. Ilikuwa ikinichukua jicho. Usinune, mie..."

"Umeivua."

"Iko nyumbani, nimeiweka vizuri."

Ilipofika zamu yake Kantibhai alipiga risasi zake zote haraka haraka, hakuvunja kitu, akasema kichwa kinamgonga na anataka kurudi. Njia nzima alitazama dirishani. Walipofika Kingsbury alishuka bila kumkaribisha chai, na hilo halijawahi kutokea.

Jumamosi nyingine hakwenda. Wala iliyofuata. Jokha alipiga simu, ikalia. Alijiambia ni utoto wa wazee, atatulia. Kisha akajiambia kuwa zawadi ni zawadi, na kwao Pemba mtu akikupa hata ndizi mbovu huitupi mbele ya macho yake. Akawa hana raha. Alikwenda uwanjani peke yake, akavunja sahani, akageuka kumtafuta wa kumwambia, hakuna.

Ndipo siku moja, katika duka la mboga la chini ya nyumba yake, akashikwa mkono na Kailash.

"Dada, umemfanya nini mume wangu?" Kailash aliuliza, si kwa ugomvi. "Anakaa tu kitini. Bunduki kaifungia kabatini, hata kuisafisha haisafishi."

"Nimevua shanga aliyonipa."

"Njoo nyumbani," Kailash akasema. "Shanga hainunishi mtu hivyo."

*

Kantibhai alikuwa sebuleni, redio ikisema peke yake. Alimkaribisha Jokha kwa adabu zote, akamuuliza hali, akainuka kummiminia chai. Na Jokha, ambaye miaka mingi alilishwa na macho yake, akaona. Kantibhai alikishika kikombe kwanza kwa mkono wa kushoto, akatia kidole ukingoni, ndipo akamimina. Na alipozungumza naye alimtazama pembeni ya sikio, kama mtu anayemwona mwingine nyuma yake.

"Kantibhai," Jokha akasema taratibu. "Nina vidole vingapi hapa?"

"Achana na mambo hayo."

"Vingapi?"

Mzee akaketi. Kailash alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chevdo, ule mchanganyiko mkavu wa kutafuna, hakuingia wala hakutoka.

"Katikati pana moshi," Kantibhai akasema. "Nikikutazama wewe, uso haupo. Naona ushungi, naona mabega, uso umefunikwa na moshi. Mwaka sasa. Daktari wa hospitali anasema unazidi tu, hauondoki."

"Na sahani?"

"Sahani sijaiona tangu kiangazi kilichopita. Naisikia. Mtambo ukilia najua imetoka wapi, naipeleka ile taa pale ninapodhani. Ile taa ndiyo kitu pekee ninachokiona, Bi Jokha, nikigeuza shingo kidogo. Mara nyingine inavunjika, watu wanasema, huyo Kanti huyo." Akajifuta uso kwa leso. "Nikaona kitu gani kizuri nitakupa? Nikakupa hicho."

Jokha akakumbuka choki ya dhahabu, mkono wa kijani, kifuniko chekundu, na ule uzi wa manjano kwenye mfuko. Alikuwa amevicheka. Mtu alikuwa akijiwekea alama ili asipotee, naye akaviita vikorombwezo. Alivuta kiti chake karibu, na kwa kuwa huruma ilimlemea akajitetea kwa hasira.

"Na gari! Umekuwa ukiendesha gari na moshi huo?"

"Ndiyo maana nakupa wewe usukani."

"Na kwenda sokoni? Na kumpeleka Kailash hekaluni?"

Kantibhai akainamisha kichwa. Kailash akaiweka ile sahani chini. Alimwambia mumewe maneno ya Kigujarati, machache, ya pole pole, na Jokha hakuhitaji mkalimani kujua kwamba Kailash hakuwa akiyajua hayo. Kisha mama yule akachukua ufunguo wa gari uliokuwa juu ya redio, akampa Jokha mkononi.

"Weka wewe," akasema.

Waliinywa ile chai ikiwa imepoa. Kantibhai alisema lililomuuma zaidi si kupoteza mchezo. Ni kwamba Jumamosi, baruti inaponuka na mtu anasema Kiswahili nyuma yako, yeye huwa Chake, dukani, na baba yake yuko hai akimfokea. Akikosa Jumamosi, duka linafungwa.

"Nani kasema ukose?" Jokha akamuuliza. "Bunduki irudishwe dukani, hilo halina mjadala, mtu asiyeona hapigi. Lakini masikio unayo."

*

Mwenye duka mwenye masharubu aliinunua ile bunduki pamoja na mapambo yake yote, akaisifu sana, na Kantibhai akatoka nje kwa kichwa kilichoinuliwa, mkono wake ukiwa begani kwa Jokha kwa ajili ya ngazi. Leseni nayo akaikabidhi. Alilala siku mbili asizungumze na mtu, halafu akaamka akaulizia viatu vyake vya matope.

Tangu hapo alikaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya Jokha, viziba masikio shingoni mpaka dakika ya mwisho, akisikiliza. Mtambo ulipolia alinyamaza. Bunduki iliposema, alisema naye. "Umechelewa." "Hiyo imekufa." "Hiyo umeikwaruza tu, imelia kama kigae." Watu walidhani anabahatisha, mpaka wakaona hakosei. Mwalimu akawa anampelekea wanafunzi wake wapya wasimame karibu ya kile kiti.

Kailash naye akaanza kuja, kwa kuwa kiti lazima kibebwe na mtu na Jokha ana bunduki mkononi. Mara ya kwanza alikaa garini na blanketi. Mara ya pili alishuka. Mara ya tatu alikuwa na maoni yake kuhusu jinsi Jokha anavyosimama, na alimwambia mwalimu, kwa Kiingereza cha Nairobi alikozaliwa, kwamba mtambo wa kushoto unarusha chini mno. Ukaangaliwa, ikawa kweli.

Hata Raya alikwenda, siku moja ya mapumziko, akiwa na nia ya kumwona Kantibhai, huyo daktari wa masikio aliyesimuliwa. Alijaribu sahani chache kwa bunduki ya mama yake, hakupata, akacheka mpaka akakaa chini. Baadaye Kantibhai alimweleza habari za msasi mrefu wa Konde aliyeingia dukani akaomba risasi kwa ishara ya vidole, asipoteze maneno. Raya alisikiliza hadithi yote. Jokha mwenyewe hakuwa akiijua ile ya vidole. Akaidaka kama kitu kilichotoka posta kikiwa kimechelewa zaidi ya miaka arubaini.

Jumamosi moja ya Novemba mvua iliwakamata uwanjani, kubwa, ya kulala. Wakakimbilia garini, wazee watatu, matope hadi magotini, vioo vikafuka mvuke. Kailash alikuwa na muhogo wa kukaanga wa Kingsbury ndani ya karatasi, wenye ndimu na pilipili, na wakala kwa mikono.

"Bi Jokha," Kantibhai akasema kutoka kiti cha nyuma, "nje pakoje?"

Jokha akafuta kioo kwa kiganja. Aliona nyasi, aliona kibanda cha mtambo, miti isiyo na majani, na mtu mmoja mwenye koti la mvua akikusanya maboksi.

"Kijani," akasema. "Kijani tupu, na mvua inakuja kwa upande wa shamba la jirani."

"Kama masika."

"Baridi tu ndiyo imezidi."

"Baridi siioni," akasema Kantibhai, akanyoosha mkono kutafuta muhogo, na Kailash akamsogezea ile karatasi.